Si Kila Uvimbe wa Taya ni Jino



Leo tuzungumze juu ya ugonjwa unaotupita machoni kwa sababu unajifanya ni jino. Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu aliniletea kijana wake wa miaka sita. Shavu moja lilikuwa limevimba na magego mawili yalikuwa yanacheza. Nikamwambia, "Mama, hilo ni jino tu. Msukutue na maji ya chumvi, halafu mpeleke aling'olewe." Akaenda, jino likang'olewa. Uvimbe haukupungua. Wiki mbili baadaye shavu lilikuwa kubwa kuliko mwanzo, na jicho la upande huo lilianza kusukumwa nje. Tukazunguka huku na huku, dawa hii na ile. Tulipofika hospitali kubwa mwezi wa pili ulikuwa umeisha, na ugonjwa ulikuwa umeingia mpaka kwenye figo na ubongo. Madaktari walijitahidi. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya watoto. Na jambo lililoniumiza zaidi ni hili nililoambiwa na daktari: ni moja ya saratani zinazotibika vizuri, ukiwahi.

"Nje ya tezi" maana yake nini?

Mwili una askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Askari hao wana vituo vyao, yaani tezi ndogo ndogo za shingoni, kwapani na kinenani. Ukiwa na kidonda mguuni unapata mtoki. Huo mtoki ni kituo kinachopigana na vijidudu.

Limfoma ni saratani ya hao askari wenyewe. Mara nyingi inaanzia kwenye tezi, na ndiyo maana watu wengi hupapasa shingo tu wakitafuta uvimbe. Lakini askari hawakai kituoni siku zote. Wanazunguka tumboni, kwenye ngozi, mifupa, macho na hata ubongo. Kwa hivyo limfoma inaweza kuanzia huko nje, na tezi za shingo zisionyeshe kitu. Kwa watu wazima mahali inapoonekana zaidi nje ya tezi ni kwenye mfuko wa chakula tumboni, na mgonjwa hudhani ni vidonda vya tumbo tu. Kwa watoto wa sehemu zetu, inapenda taya na tumbo.

Ilijulikana vipi?

Mwaka wa 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi, alikuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliitwa amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, kila upande. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine kama huyo Jinja, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Akajiuliza kama ni ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 akaandika habari zake. Mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakaenda mpaka Afrika Kusini wakiuliza hospitali baada ya hospitali, kilomita kama 16,000. Waligundua kwamba ugonjwa uko kwenye sehemu za joto na mvua, na hauonekani sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Hapa Kenya ni hivyo hivyo: kandokando ya Ziwa, Magharibi na Pwani unaonekana zaidi kuliko milimani.

Mwaka wa 1964 wataalamu wa London, Epstein, Achong na Barr, walipata virusi ndani ya uvimbe uliotoka Uganda. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Je, ni kurogwa?

Hapana. Si uchawi, si chira, wala si dhambi ya mzazi. Pia hauambukizi. Mtoto anaweza kula sahani moja na wenzake.

Virusi hivyo vinaenea kwa mate, na karibu watoto wetu wote wanavipata wakiwa wadogo sana. Wengi hawaumwi chochote. Lakini mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, askari wake wanachoka kuvizuia virusi, na wakati huo huo malaria inawachochea kuzaana kwa haraka. Katika haraka hiyo chembe moja inaharibika na kukosa breki. Kwa hivyo neti si ya kufugia kuku wala kuvulia omena. Kupunguza malaria ni kukata mzizi mmoja wa ugonjwa huu.

Dalili za kuangalia

Mara nyingi anayeugua ni mtoto wa miaka mitatu mpaka kumi, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Angalia haya:

1. Taya au shavu linavimba, na pengine halina maumivu makali.
2. Meno yanalegea au kupanda juu bila kuoza.
3. Jicho linasukumwa nje.
4. Tumbo linavimba au kuna kitu kigumu ndani.
5. Miguu inaishiwa nguvu ghafla, au mkojo unakataa. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe unabana uti wa mgongo.

Kumbuka kwamba chembe za saratani hii zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jino lililooza halifanyi hivyo. Ukipima uvimbe Jumapili baada ya Misa na Jumapili inayofuata umekuwa mkubwa waziwazi, usingoje Jumapili ya tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hospitali wanafanya nini?

Zahanati haiwezi kuutibu. Omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Huko watachukua kipande kidogo cha uvimbe wakipime, na pia damu. Usiogope. Kile kipande hakisambazi ugonjwa kama watu wanavyosema.

Taya halikatwi. Matibabu ni dawa za saratani zinazopitia mshipani, na nyingine hudungwa mgongoni ili kulinda ubongo. Siku za kwanza mtoto hupewa maji mengi, kwa sababu uvimbe unapoyeyuka haraka uchafu wake unaweza kuziba figo. Nywele zinaanguka, lakini zinaota tena.

Na hapa ndipo penye mtego. Baada ya dawa za kwanza uvimbe unaweza kuisha kwa siku chache tu. Mzazi anafurahi, anasema Mungu ametenda, anarudi nyumbani kulima. Lakini chembe zilizobaki hazionekani kwa macho. Ugonjwa unarudi, na ukirudi ni mgumu. Kuna mizunguko kadhaa ya dawa, na lazima yote imalizwe, hata kama mtoto anacheza mpira.

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanapona. Kwetu ni wachache kuliko hao, na sababu kubwa ni kuchelewa na kukatiza dawa. Hizo ni sababu ambazo sisi wenyewe tunaweza kuzipunguza.

Jumuiya ifanye nini?

Mama anayelala hospitali wiki tatu ameacha watoto wengine nyumbani, na shamba halijapaliliwa. Hafai kuulizwa tu "mgonjwa anaendeleaje". Jumuiya ndogo ndogo zigawane kazi. Mmoja ashughulikie nauli, mwingine alishe watoto, vijana wapalilie. Mwenyekiti aandike tarehe ya mzunguko unaofuata na kumkumbusha mzazi siku tatu mbele. Kuhusu gharama, hakikisheni familia imejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, na mtoto ameandikwa pamoja na wazazi. Mkifika wodini ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yao ni kusaidia, msione haya.

Namaliza na habari ya pili. Nyanya mmoja aliniletea mjukuu wake wa kike, tumbo limevimba. Wengine walisema ni minyoo. Safari hii sikutoa ushauri wa maji ya chumvi. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye matatu. Alimaliza mizunguko yote, ingawa mara mbili nyanya alitaka kurudi kupanda mahindi, na wanawake wa jumuiya wakampandia. Sasa msichana yuko sekondari na anaimba kwaya.

Nikimsikia akiimba namkumbuka yule kijana. Msomaji, ukiona shavu la mtoto limevimba, usiseme kama nilivyosema mimi. Mpeleke wiki hii.