Theotokos: Mzazi, si Mzaliwa



Katika jumuiya ndogo ndogo tulizotembelea wakati wa likizo, Musoma mjini, Bunda na Butiama, swali moja lilitufuata: mwanadamu anamzaaje Mungu? Huko Bunda mama mmoja alituambia kwamba jirani yake humuuliza hivyo kila anapomwona na rozari, naye huishia kunyamaza. Tulimjibu harakaharaka, na tuliona usoni kwamba hakuridhika. Basi tumerudi kwenye neno lenyewe.

Theotokos ni kivumishi cha Kigiriki kilichoungwa: theos ni Mungu, na tokos hutokana na kitenzi tikto, kuzaa. Vivumishi vingi vya Kigiriki hubadili mwisho vikimhusu mwanamke, lakini vilivyoungwa namna hii kwa kawaida hubaki na -os kwa wote. Neno dogo he linalotangulia ndilo linaloonyesha kuwa anayetajwa ni mwanamke.

Utamu uko kwenye mkazo. Theotókos, mkazo ukiwa silabi ya pili kutoka mwisho, ni "anayemzaa Mungu". Ukiurudisha nyuma silabi moja, theótokos, maana inageuka: "aliyezaliwa na Mungu". Kiswahili hutofautisha kwa viambishi: mzazi, mzaliwa. Waliotufasiria sala zetu wakasema Mzazi wa Mungu walichagua vizuri, kwani mzazi nalo halibagui mume wala mke.

Nestori, Patriarka wa Konstantinopoli, alipendelea Kristotokos. Sirili wa Aleksandria akampinga, na Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukasimama na Theotokos. Hoja ni hii: anayezaliwa ni nafsi, si asili. Butiama hili lilieleweka upesi. Mama Mgaya wa Nyang'ombe ni mama wa Rais wa kwanza, ingawa hakuzaa urais. Alimzaa Julius, na Julius huyohuyo ndiye Rais.

Mfano unachechemea, tunakiri. Mwalimu alipozaliwa mwaka 1922 hakuwa Rais, wakati Mwana ni Mungu tangu milele, kabla Maria hajakuwapo. Kwa hiyo Maria hakuanzisha umungu wa yeyote. Alimzaa katika mwili yule ambaye tayari ni Mungu. Hayo ndiyo tuliyopaswa kumwambia yule mama wa Bunda. Tutapita tena kwake likizo ijayo, na jirani yake akiwapo, tutafurahi zaidi.