Mali Bila Daftari

Siku za karibuni tulihudhuria maziko Mbweni. Marehemu alikuwa mvuvi, mzee wa makamo makubwa, aliyejua kila mwamba na kila mkondo kutoka pwani ya Mbweni hadi Fumba. Alijua samaki gani hupatikana wapi wakati wa bamvua, na wapi hujificha maji yakiwa mafu. Baada ya maziko, tukiwa tumekaa barazani, wanawe wawili walibishana juu ya jina la mwamba ambao baba yao akivua kila msimu wa kusi. Hapakuwa na mtu wa kuwaamua. Aliyejua ndiye tuliyekwisha kumfukia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walio wengi huichukulia methali hii kuwa ni ya wafanyabiashara. Sisi tunaona kuwa ni ya taifa zima.

Mbweni yenyewe ni ushahidi. Hapo pana magofu ya skuli ya Mtakatifu Maria, iliyojengwa na misheni ya Kiingereza katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871 ili kuwapa makaazi watu waliokombolewa utumwani. Hapo pia palikuwa na nyumba na bustani ya Dk. John Kirk, Balozi wa Uingereza. Kabla ya kuja Unguja, Kirk alifuatana na Livingstone katika msafara wa Mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, na huko alikuwa na desturi ya kuandika kumbukumbu zake. Kumbukumbu hizo zilitolewa kitabu mwaka 1965, zaidi ya miaka 40 baada ya kufa kwake. Waafrika waliobeba mizigo ya msafara ule waliona yale yale aliyoyaona yeye, tena kwa macho ya wenyeji. Lakini leo tunazisoma habari zao kwa kalamu yake. Hatumlaumu aliyeandika. Lawama ni yetu sisi tunaojua kuandika na hatuandiki.

Tukiulizwa sababu, jawabu letu ni moja: hatuna wakati. Jawabu hili halisimami. Bibi Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, zama ambazo watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa Ujerumani. Sisi tuliolelewa na Mapinduzi hatumtaji kwa ajili ya kasri ya baba yake; tunamtaja kwa ajili ya mfupa ule. Mwenye kutaka kuandika hangojei meza.

Wala kazi si kizuizi. Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa magazeti. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 na ikachapishwa mwaka 1960, wakati yeye ni mhariri wa Mkulima. Naye Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwalimu wa skuli na baadaye Kadhi, aliifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitoka kamili mwaka 1969. Aya zaidi ya 6,000 hazifasiriwi kwa usiku mmoja; hufasiriwa moja baada ya moja.

Siri hii sote tuliokaa chuoni tuliipata tukiwa wadogo. Hakuna mtoto aliyehifadhi juzuu kwa siku moja. Mwalimu alimpa aya mbili tatu, akaziandika ubaoni, akazirudia mpaka zikamkaa. Ubao ukaoshwa, na kesho yake akapewa nyengine. Hakuulizwa kama leo ana hamu. Saa ya chuo ikifika, hukaa chini. Ada ile ile tuliyoipata kwa kusoma ndiyo inayotakiwa katika kuandika: saa moja maalumu, mahali pamoja maalumu, na kiasi kidogo kisichokatika. Nusu saa baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, yatosha. Mistari kumi kila siku ni mistari zaidi ya 3,600 kwa mwaka, na hicho ni kitabu.

Neno letu la pili ni kwa viongozi na watumishi wa Serikali. Sisi wenyewe tumo, na hatujitoi. Mara ngapi tumekaa kikaoni saa tano, tukatoka na muhtasari wa mistari mitatu? Afisa huhamishwa, na anayempokea huanza upya, kwa kuwa mwenziwe aliondoka na sababu zote kichwani. Ripoti hueleza lililofanywa. Mara chache hueleza kwa nini lilifanywa, nani alilipinga na kwa hoja gani. Kila mkuu wa ofisi angetenga robo saa mwisho wa kazi, yeye na walio chini yake wakaandika ya siku ile, fedha na nguvu nyingi za wananchi zingeokoka. Sheha naye, anayesuluhisha mipaka ya viwanja na kusikiliza wazee, anastahiki kuwa na daftari ya kila siku.

Hili ni jambo la haraka. Pale Mbweni penye mashamba na madau, nyumba mpya zinaota kila mwaka, na wajuao majina ya visima na miamba wanapungua. Wale vijana wawili wa barazani wote wamesoma skuli, na wote wana kalamu. Laiti mmoja wao angekaa na baba yake robo saa kila jioni, akaandika jina moja tu la mwamba, leo wasingebishana.

Wazee wengine bado wako hai. Tuanze leo usiku.