Mstari mmoja haushibishi: tusome Biblia mpaka sura iishe

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee kukua kiroho. Wengi wetu tumebatizwa tangu watoto, wengine tumeokoka ukubwani, ila kwenye Neno bado tunakunywa uji tu.

Nianze na yangu. Nikiwa kidato cha nne, mhubiri mmoja wa kupita (jina naliacha) alituombea watahiniwa. Akasoma Yeremia 29:11, ule wa Mungu kuwawazia watu mema, akasema tuuandike kwenye madaftari, matokeo yetu yameshapita. Nikaamini kinoma! Hesabu nikazitupa. Matokeo yalipobandikwa nikawa nimechemsha vibaya, na kilichouma zaidi ni kuona kama Mungu kanidanganya. Karibu nusu mwaka sikukanyaga kanisani.

Siku moja mvua ikanifungia ndani, nikafungua ile sura nikiwa na hasira. Safari hii nikaanzia mstari wa kwanza. Kumbe ile ni barua! Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mnamo mwaka 597 hivi kabla ya Kristo. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee hata mji wa waliowateka. Mstari wa 10, jirani kabisa na ule wangu, unataja miaka 70. Sabini, jamani! Wengi waliosomewa barua ile walikuja kuzikwa hukohuko. Halafu angalieni Kiswahili chenyewe: anaongea na "ninyi", watu wengi. Hakuna mahali panapotaja karatasi yangu ya hesabu.

Rudi sura ya 28. Nabii Hanania anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatakuwa yamerudi sawa. Yeremia akamwambia anawafanya watu wategemee uongo. Yaani barua niliyopewa kama ahadi ya chapuchapu ilikuwa inawaonya watu juu ya ahadi za chapuchapu!

Hapo ndipo nikaelewa Waebrania 5:12-14. Mwandishi anawalaumu waumini ambao kwa muda waliokaa wangekuwa walimu, lakini bado wanataka maziwa. Waliokomaa, kwake, ni wale waliozoea kupambanua jema na baya. Huku Ufipa hilo halihitaji tafsiri: mtoto unampa uji wa ulezi, anayekwenda shamba anakula ugali wa ulezi na maharage, tena anatafuna.

Sasa unaanzaje? Mimi nafanya hivi:

1. Nasoma sura nzima, pamoja na ya nyuma yake.

2. Nauliza nani anaongea, na nani, katika hali gani. Jaribu Wafilipi 4:13, ule wa kuyaweza yote. Paulo anaandika akiwa kifungoni, na mstari wa nyuma yake anaongelea kushiba na kuona njaa. Anachokiweza ni kuvumilia hali zote mbili.

3. Nalinganisha tafsiri mbili, Union Version ya 1952 na Habari Njema. Zikitofautiana, hapo napunguza mwendo.

4. Nasoma na wenzangu. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani. Uliza swali hata kama ni la kijinga.

Kuna atakayesema kuhoji mahubiri ni kiburi. Asome Matendo 17:11. Watu wa Beroya walimpokea Paulo vizuri, kisha kila siku wakachunguza Maandiko kuona kama asemayo ni kweli, na wanasifiwa kwa hilo. Kama Paulo alikaguliwa, mwenye maiki leo ni nani asikaguliwe?

Kanisani nilirudi. Na mtihani nimeandikisha kurudia, naomba kila asubuhi, halafu nafungua daftari la hesabu.

Haya wadau, nyie ni mstari gani mlishawahi kupewa nusu nusu? Tiririkeni hapo chini, ila matusi hapana.