Sauti inapopotea baada ya kupasuliwa rovu

Kutoka Yahuma hadi Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo, ni safari ndefu ya barabara za msituni na mto. Mgonjwa aliyepasuliwa rovu mjini, akarudi kijijini akinong'ona, umbali huo humgharimu zaidi ya nauli. Misuli ya koo iliyopoteza mshipa wake wa fahamu haibaki vilevile ikimngoja arudi kwa daktari.

Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, si geni Kongo. Huletwa hasa na upungufu wa madini joto katika chakula. Utafiti uliofanywa Ubangi na kisiwani Idjwi ulionyesha kwamba muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huzidisha tatizo. Chumvi yenye madini joto husaidia kuzuia, lakini rovu kubwa la miaka mingi mara nyingi huhitaji kisu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Nyuma ya tezi hupita mshipa mwembamba wa fahamu unaoendesha karibu misuli yote ya sauti. Njia yake ni ya ajabu: hushuka kwanza, ule wa kushoto hadi kifuani, kisha hupanda tena shingoni. Galen, mganga Mgiriki wa karne ya 2, aliukata kwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, nguruwe akanyamaza. Kwa binadamu si lazima ukatwe. Kuuvuta au kuubana tu kunaweza kuuzimisha kwa wiki au miezi.

Msuli usiopata amri huanza kukonda. Vipokezi vya ujumbe, ambavyo kawaida hukaa pale mshipa unapogusana na msuli, husambaa juu ya uzi mzima wa nyama, kana kwamba unatafuta mjumbe mpya. Muda ukizidi, nyama hugeuka mafuta na kovu. Ukamba wa sauti hulegea, haukutani na mwenzake, hewa huvuja, na mgonjwa hupaliwa hata na maji.

Koo lakini lina tabia yake. Mshipa mara nyingi huota tena, ila nyuzi zake hupotea njia: zilizokuwa za kufungua huingia misuli ya kufunga. Ukamba haucheze, ila haukondi sana, na sauti hurudi kiasi.

Kwa hiyo madaktari wengi hungoja miezi 6 hadi 12 kabla ya operesheni ya kudumu. Katikati kuna mazoezi ya sauti, au sindano ya kuusogeza ukamba katikati. Mambo hubadilika kabisa mishipa yote miwili ikiumia: hapo anayepungukiwa ni pumzi, hukoroma akiwa macho, na huenda akatobolewa koo haraka ili apumue. Huyo hangoji boti.

Vijijini watu husema amelogwa, au ametiliwa sumu. Kumbe uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine kubwa: kioo kidogo chenye mpini, kinachoingizwa nyuma ya ulimi, huonyesha ni ukamba upi umesimama.