Bunduki Ndogo ya .22: Yampasayo Kuyafahamu Mkazi wa Nkuhungu na Mkulima wa Dodoma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Lipo swali ambalo hurudi kila msimu wa mtama unapokaribia kukomaa katika mashamba yanayoizunguka Dodoma. Mwananchi anayeishi Nkuhungu na kulima nje ya jiji, au aliyerithi bunduki ndogo ya babu yake, huuliza iwapo anaruhusiwa kuitumia kufukuza ndege na ngedere, au hata kulenga makopo nyuma ya nyumba siku za mapumziko. Wengi huuliza huku wakiamini kwamba bunduki ndogo haihesabiwi miongoni mwa silaha. Imani hiyo haina msingi katika sheria, na kwa namna jiji letu lilivyopanuka, ni ya hatari.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile ya risasi za .22, ambazo kipenyo chake ni takriban milimita 5.6. Risasi hiyo katika umbo lake la sasa ilianza kutengenezwa nchini Marekani mwaka 1887, na ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa shabaha za burudani na kwa wanyama wadogo waharibifu. Sababu za kupendwa kwake zinaeleweka: bei yake ni nafuu, mlio wake si mkubwa na haimpigi teke mpigaji. Wapenzi wa shabaha katika nchi nyingine huzitaja kwa majina bunduki za aina hiyo, kama vile Ruger 10/22 ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ambayo hujilisha risasi yenyewe, na zile za komeo kutoka iliyokuwa Chekoslovakia, BRNO na baadaye CZ, zinazosifiwa kwa uimara na usahihi. Katika Michezo ya Olimpiki, mashindano ya bunduki ya mita 50 hutumia risasi hizo hizo, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu.

Sifa hizo ndizo zinazomhadaa mtumiaji. Kichwa cha risasi ya .22 kina uzito wa takriban gramu 2.6, nacho huweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu kikipigwa kwa kuelekezwa juu kidogo. Aliyelenga ndege juu ya mti na kumkosa hajui risasi yake imeangukia wapi. Aidha, kichwa hicho huwa ni cha risasi laini isiyovikwa shaba nzito, hivyo kikigonga jiwe au udongo mkavu kwa pembe ndogo huruka na kubadili mwelekeo. Anayeifahamu ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi, pamoja na majabali yake, hahitaji maelezo zaidi.

Sensa ya mwaka 2012 ilionesha kuwa iliyokuwa Manispaa ya Dodoma ilikuwa na wakazi takriban 411,000. Sensa ya mwaka 2022, miaka minne baada ya Dodoma kupandishwa hadhi kuwa Jiji, ilihesabu zaidi ya 760,000. Sehemu ambazo wazee wanazikumbuka kuwa vichaka na mashamba sasa ni viwanja vilivyojengwa. Ndani ya kilometa moja na nusu kutoka ua wowote wa Nkuhungu utakuta nyumba, barabara, watoto waendao shule na akina mama walio sokoni. Hapana ukuta wa nyuma ya nyumba unaotosha kuitwa uwanja wa shabaha, na kopo lililowekwa juu ya tofali halizuii risasi.

Kwa upande wa sheria, umiliki wa silaha nchini husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Udogo wa mtutu hauiondolei bunduki sifa ya kuwa silaha. Mwombaji hutakiwa kwanza kuthibitishwa kuwa ana umahiri wa kutunza na kutumia silaha, ana akili timamu na mwenendo mwema. Maombi huanzia katika ngazi ya mtaa au kijiji anakofahamika na kupitia Jeshi la Polisi hadi kwa Msajili wa Silaha. Gobore lililofuliwa na fundi wa kijijini nalo linahitaji kibali, ingawa wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa halikutoka dukani basi halihusiki. Kuhusu bunduki ya upepo, ushauri ni mmoja: uliza kituo cha polisi kabla ya kulipa fedha, si baada ya kufikishwa kituoni.

Suala la urithi ndilo linalowaingiza wananchi wengi wema katika makosa bila kujua. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, wala haigawanywi pamoja na mashamba na ng'ombe. Chukulia mzee aliyemiliki bunduki yake kihalali kwa miaka arobaini, akafariki dunia, na familia ikaihifadhi nyuma ya kabati kama kumbukumbu. Tangu mzee huyo alipozikwa, silaha ile haina mwenye kibali. Inapasa ipelekwe polisi bila kuchelewa, ihifadhiwe huko wakati mrithi anayeitaka akiwasilisha maombi yake mwenyewe. Akikosa sifa, haipati, hata kama wosia ulimtaja kwa jina.

Kwa aliyekwisha kuchelewa, njia ipo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na Serikali yetu imekuwa ikitangaza nafasi hiyo kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwaka 2023 iliendelea hadi mwisho wa Oktoba. Anayesalimisha katika kipindi kilichotangazwa hashtakiwi kwa kosa la kuimiliki silaha hiyo. Ni vema kufuatilia tangazo la kila mwaka, kwa kuwa tarehe na utaratibu hutajwa humo.

Turudi shambani, maana huko ndiko hoja ya bunduki huonekana kuwa na nguvu. Adui mkubwa wa mtama na uwele katika nyanda za kati ni kwelea kwelea. Ndege mmoja ana uzito usiofika gramu 25, lakini hutembea kwa makundi ya mamia ya maelfu, na hukadiriwa kwamba kundi la ndege milioni moja huweza kula tani 10 za nafaka kwa siku. Sasa tufanye hesabu. Boksi la risasi za .22 huwa na risasi 50. Mkulima asiyekosa hata mara moja angehitaji maboksi 20,000 kulimaliza kundi hilo, na mtama ungekuwa umekwisha siku nyingi kabla yake. Bunduki ya marisau hutawanya vipande vingi kwa mpigo, navyo huanguka karibu zaidi, lakini kundi likishtuliwa huhamia shamba la jirani.

Kwa sababu hiyo kwelea kwelea hukabiliwa kwa kunyunyiziwa dawa kutoka angani kwenye mazalia na malalo yao, kazi inayoratibiwa na Wizara ya Kilimo na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ndege za kunyunyizia huhitaji kujua malalo yalipo, na taarifa hiyo huanza kwa mkulima: aliyeona makundi yakielekea sehemu moja kila jioni amweleze afisa ugani au mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Ndege waliokufa baada ya unyunyiziaji wasiliwe, kwani dawa ile ni sumu kwa binadamu pia. Tahadhari hii ina uzito wa pekee mkoani kwetu, ambako wananchi wa Kondoa kwa muda mrefu wamekuwa wakiwanasa kwelea kwelea kwa mitego iliyosukwa kwa majani na kuwala. Ukiniuliza, mitego ile imewasaidia wakulima kuliko bunduki yoyote ndogo, kwani huondoa ndege na kuleta kitoweo. Kuamia kwa zamu kutoka juu ya dungu, kwa kelele na makombeo, bado kunafaa kwa shamba dogo, na kwa zabibu neti juu ya mizabibu hufanya kazi usiku na mchana.

Ngedere, nguruwe pori na wengineo wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kumiliki bunduki kihalali hakumpi mtu ruhusa ya kuwinda. Wanyama waharibifu wanapovamia, taarifa hutolewa kwa ofisi ya maliasili ya halmashauri au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ambazo zina askari waliofunzwa. Mnyama akiuawa katika kujihami, tukio liripotiwe mara moja; nyama, ngozi na meno yake ni nyara za Serikali.

Mkazi wa Nkuhungu anayesikia milio ya bunduki mtaani, au aliyekuta silaha katika vitu vya marehemu, asiiguse wala kuibeba mwenyewe hadi kituoni bila maelekezo. Apige simu ya polisi namba 112, au amjulishe mwenyekiti wa mtaa, na askari watafika kuichukua.