Gari limevutwa, limefika betri haina moto: kabla hujanunua mpya, pima hivi

Gari linaharibika njiani, tuseme karibu na Manyoni. Linafungwa kamba na kuvutwa zaidi ya kilometa 100 hadi Singida mjini. Fundi anarekebisha kilichoharibika, anazungusha ufunguo, stata inalia "tik tik" tu. Hapo utasikia: "Betri imekufa, leta nyingine." Kwa mkulima hiyo ni fedha ya magunia ya alizeti, na mara nyingi betri haijafa. Imemalizwa chaji na safari, au kuna kitu ndani ya gari kinachoinyonya.

Kwa nini gari linalovutwa humaliza chaji

Altaneta huzungushwa na mkanda wa injini. Injini ikiwa imezimwa na gia iko huru, matairi yazunguke kutwa, altaneta haizalishi umeme wowote. Wakati huohuo ufunguo lazima uwe umefunguliwa, la sivyo usukani utajifunga. Wengi huuweka kwenye ON wakati kwa magari mengi ACC inatosha, na taa za hazadi zinaendelea kuwaka.

Tufanye hesabu. Taa nne za hazadi za wati 21 ni jumla ya wati 84, yaani ampea 7 kila zinapowaka. Kwa kuwa huwaka na kuzima, wastani ni kama ampea 3.5. Kwa saa 4 zimekula Ah 14. Betri ya N50 iliyo nzima na iliyojaa hubeba takribani Ah 50, hivyo itavumilia. Lakini ongeza redio, feni, taa ndogo na vifaa vinavyoamka ufunguo ukiwa ON, halafu betri yenyewe ni ya zamani: haifiki.

Huko Marekani kuna watu wanaosafiri kwa magari makubwa yenye vyumba vya kulala, wakivuta gari dogo nyuma. Nao hukutana na tatizo hilihili. Wengi hupitisha waya wenye fyuzi kutoka gari la mbele ili kuchaji betri ya gari la nyuma.

Hatua ya 1: Chaji, kisha pima betri

Ukipima betri tupu hutajua kama ni mbovu au ina njaa tu. Safisha ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, kaza nyaya, ichaji hadi ijae. Iache ipumzike saa kadhaa, halafu pima kwa mita. Volti 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. Volti 12.2, iko nusu. Chini ya 12.0, ni kama tupu. Iache usiku kucha nje ya gari bila waya wowote. Ikishuka sana asubuhi, hapo betri ndiyo mbovu.

Hatua ya 2: Pima chaji ya altaneta

Washa injini, pima tena kwenye betri. Kwa kawaida utaona volti 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, angalia mkanda, nyaya na altaneta.

Hatua ya 3: Tafuta mnyonyaji

Kama hayo mawili ni mazima lakini gari likilala siku mbili haliwaki, kuna kinachokula chaji likiwa limezimwa.

Toa ufunguo, zima kila kitu, funga milango. Fungua waya wa hasi. Weka mita kwenye ampea 10, na waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea 10. Unganisha mita kati ya kichwa cha hasi na waya ulioufungua. Subiri kama nusu saa ili vifaa vya gari vilale. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, itaungua.

Ikisoma ampea 0.05 au chini, ni kawaida. Ikisoma 0.5, gari linakula Ah 12 kwa siku, na N50 itakwisha ndani ya siku nne. Chomoa fyuzi moja moja. Ile inayoshusha namba ndiyo njia ya mnyonyaji. Wanaokutwa mara nyingi ni taa ya buti, redio, alamu na nyaya zilizoongezwa baadaye. Fyuzi zote zikikataa, mwambie fundi aangalie diodi za altaneta.

Huna mita? Weka taa ya wati 5 mahali pa mita. Ikiendelea kuwaka baada ya kusubiri, kuna mnyonyaji.

Tahadhari

Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka: usivute sigara karibu nayo. Ongeza maji maalumu ya betri, si ya kisima, kwa kuwa chumvi zake huiharibu.

Gari lililozimwa lina breki ngumu na usukani mzito. Kwenye mteremko kama wa Sekenke, usizime hazadi ili kuokoa betri, na usivute kwa kamba. Tafuta gari la kubeba. Gari la otomatiki pia libebwe, kwa sababu kulivuta mbali matairi yakiwa chini kunaweza kuua gia boksi.

Ukienda kwa fundi, mpe namba ulizozipata: volti za betri likiwa limezimwa, volti injini ikiwaka, na ampea gari likiwa limelala. Kwa namba hizo tatu, ni vigumu mtu kukuuzia betri usiyoihitaji.