Lugha ya Tamthiliya za Zama za Elizabeth (2): Maneno Tunayodhani Tunayajua

Wiki iliyopita tulipitia maneno yaliyokwisha kufa. Hayo hayana hatari kubwa, kwa sababu msomaji akikutana nayo hufungua kamusi. Linalompoteza ni lile analodhani analijua.

Tuchukue Julius Caesar, mchezo ulioonyeshwa London mwaka 1599, ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili. Mwanzoni kabisa, maofisa wawili wanawasimamisha mafundi barabarani na kuwauliza kazi zao. Seremala anajibu vizuri. Wa pili anasema yeye ni "cobbler". Sisi tunasoma "fundi viatu", kisha tunashangaa ofisa anafoka na kuuliza tena na tena ilhali amekwisha jibiwa. Zamani hizo neno hilo lilimaanisha pia fundi yeyote anayelipua kazi. Ofisa amesikia mtu akijitaja kuwa fundi mbovu, bila kusema ni fundi wa nini. Bila maana hiyo ya pili, utani wote wa onyesho hilo unatupita, na ofisa anabaki kuonekana mkorofi tu.

Baadaye Portia anamuuliza mumewe Brutus: kama kweli anaumwa, je, kutembea kifua wazi alfajiri ni "physical"? Leo neno hilo ni "-a mwili", na swali linakosa maana. Kwa Portia lilihusu tiba, yaani jambo lenye kufaa afya. Papo hapo anataja "humours" za asubuhi. Hapo hazungumzii vichekesho, bali unyevu wa hewa. Waganga wa Ulaya waliamini kuwa mwili huendeshwa na majimaji manne, yaliyoitwa kwa neno hilohilo: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakizidiana, tabia ya mtu hubadilika. Ndivyo neno lilivyohama kutoka unyevu hadi tabia, na baadaye sana likafika kwenye vichekesho.

Kisha anaingia Ligarius, mgonjwa, kichwa kimefungwa kitambaa, na kumwita Brutus "exorcist". Leo huyo ni mtoa pepo. Ligarius anamaanisha kinyume chake, mwenye kuziita roho, kwa kuwa Brutus ameiamsha roho yake iliyokuwa imekufa. Anamsifu.

Kwa hiyo mhusika akifanya jambo lisiloeleweka, lishuku kwanza neno rahisi kuliko yote katika mstari huo. Faharasa ya C. T. Onions ya maneno ya zama hizo, iliyotoka mwaka 1911, bado inasaidia sana kwa kazi hiyo.

Wiki ijayo: "thou" na "you", na nani aliruhusiwa kumwita nani vipi.